Oili ya giaboksi 'ya maisha yote': maisha ya nani?

Harrow, London – Ukipita njia ya Grove Hill kwenye kilima cha Harrow, kaskazini magharibi mwa jiji la London, utakuta kibao kinachowaambia wapita njia wachukue tahadhari.

Kibao hicho kiliwekwa mwaka 1969 kukumbuka ajali iliyotokea hapo miaka 70 kabla, tarehe 25 Februari 1899. Ndiyo ajali ya kwanza kuandikwa katika kumbukumbu za Uingereza ambapo dereva wa gari alipoteza maisha.

Dereva huyo, Edwin Sewell, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa akimwonyesha mteja uwezo wa gari aina ya Daimler. Wakiwa kwenye mteremko alifunga breki, gurudumu la nyuma likavunjika, na waliokuwemo wakarushwa nje. Sewell alikufa papo hapo. Mteja wake, Meja James Richer, mwenye umri wa miaka 63, alifariki siku chache baadaye.

Gari lile lilikuwa katika majaribio ya mauzo. Kilichowaua watu wawili ni sehemu ambayo hakuna aliyeitilia shaka kabla ya kufika kwenye mteremko.

Siku hizi magurudumu hayavunjiki hivyo. Lakini desturi ya kununua gari kwa kulitazama rangi, kuliwasha na kuzunguka nalo mtaa mmoja ingali hai. Na katika yote ambayo mnunuzi haoni, kinachosahauliwa zaidi ni oili ya giaboksi.

Karibu kila mwenye gari anajua ni lini abadilishe oili ya injini. Muulize oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, naye mara nyingi atakujibu kwa swali: "Kwani hiyo nayo hubadilishwa?"

Jibu ni ndiyo, hubadilishwa. Na kwa gari lililotumika, linalopita mkono hadi mkono, huenda ndiyo kazi ya gereji inayookoa fedha nyingi kuliko nyingine yoyote.

Magari makuukuu ya Harrow

Harrow si mahali pageni kwa watu wa Afrika Mashariki. Familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na zile zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, zilijenga maisha mapya hapa na katika eneo jirani la Wembley. Baada yao wamekuja Wakenya, Watanzania, Waganda na Wasomali. Si ajabu kusikia Kiswahili dukani au kwenye kituo cha basi.

Kwa wengi wao gari ni chombo cha kazi: kubeba abiria wa minicab, kusambaza vifurushi, kufika zamu ya usiku hospitalini au uwanja wa ndege wa Heathrow kabla treni hazijaanza kutembea.

Tarehe 29 Agosti 2023 eneo linalotozwa ada ya magari yanayochafua hewa, ULEZ, lilipanuliwa na kufunika mitaa yote ya London, Harrow ikiwemo. Halmashauri ya Harrow ilikuwa miongoni mwa zilizokwenda mahakamani kupinga mpango huo, zikashindwa Julai mwaka huo huo. Gari lisilotimiza masharti hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea.

Masharti hayo yana jambo moja la kuangaliwa. Gari la dizeli kwa kawaida hupita ikiwa lilisajiliwa baada ya Septemba 2015. Lakini la petroli hupita hata likiwa la mwaka 2006. Kwa hiyo mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuepuka ada hiyo anaweza kujikuta ananunua gari la petroli lenye umri wa karibu miaka 20, na mara nyingi la otomatiki.

Injini ya gari hilo inaweza kuwa nzuri kabisa. Swali ni giaboksi yake imeishi vipi miaka yote hiyo.

Cheti cha MOT hakisemi

Wapo wanaojibu: gari lina cheti cha MOT, basi ni zima. Hapo ndipo wengi hukosea.

Ukaguzi wa MOT, ambao gari binafsi huufanya kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitatu, huangalia breki, taa, matairi, usukani, mikanda ya usalama, moshi na mengineyo yanayohusu usalama. Haukagui hali ya injini, klachi wala giaboksi. Serikali ya Uingereza yenyewe inaeleza hivyo wazi.

Gari linaweza kupita MOT asubuhi na giaboksi yake ikafa jioni, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria.

Oili hiyo inafanya kazi gani?

Katika gari la gia za mkono, oili ya giaboksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia na kupunguza joto. Klachi iko nje, peke yake, kavu.

Katika gari la otomatiki mambo ni tofauti. Oili ndiyo damu na misuli. Kwanza, inapitisha nguvu kutoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi kupitia chombo ambacho mafundi hukiita konveta. Pili, inasukumwa kwa pampu kupitia vijia vyembamba ili kubana klachi za ndani na kubadilisha gia. Tatu, inalainisha. Nne, inabeba joto kulipeleka kwenye kipoozeo, ambacho mara nyingi kimo ndani ya rejeta au karibu nayo.

Zaidi ya hayo, klachi za ndani zinafanya kazi zikiwa zimelowa oili hiyo hiyo. Oili inatakiwa iteleze pale panapotakiwa kuteleza na ishike pale panapotakiwa kushika. Ndiyo maana watengenezaji huongeza kemikali maalumu ndani yake.

Kemikali hizo huisha nguvu, na adui wake mkubwa ni joto. Giaboksi nyingi za otomatiki hufanya kazi katika nyuzi joto kati ya 80 na 95 hivi za Selsiasi. Kanuni ya jumla ya wahandisi ni kwamba kila joto likipanda kwa takriban nyuzi 10, umri wa oili hupungua kwa karibu nusu.

Wakati huo huo klachi zinapunguka kidogo kidogo, na unga wake unaelea ndani ya oili. Filta hunasa sehemu, sumaku za chini ya sampu hunasa chembe za chuma, na zilizobaki huzunguka hadi kwenye vali nyembamba zinazoamua gia gani iingie.

'Ya maisha yote'

Hapa tunafika kwenye kitendawili. Fungua vitabu vya magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990 na 2000, utakuta oili ya giaboksi haina tarehe ya kubadilishwa. Imeandikwa kuwa ni ya maisha yote, au imeachwa kimya.

Maisha ya nani? Si maisha ya gari kama mtu wa Harrow, Mombasa au Mwanza anavyoyaelewa. Kwa kampuni inayouza gari jipya, mteja ni yule wa kwanza, na hesabu inayomhusu ni gharama ya matunzo katika miaka yake michache ya mwanzo pamoja na muda wa dhamana. Mtu wa tatu au wa nne kulimiliki hayumo katika hesabu hiyo.

Ushahidi mzuri unatoka kwa watengenezaji wa giaboksi wenyewe. Kampuni ya Ujerumani ya ZF hutengeneza giaboksi za otomatiki zinazotumika katika magari ya BMW, Jaguar, Land Rover na mengine. BMW kwa miaka mingi imeiita oili ya giaboksi hizo ya maisha yote. ZF, iliyozitengeneza, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka minane, kutegemea uendeshaji.

Kilomita 80,000 ni sawa na maili 50,000 hivi. Kwa dereva wa minicab anayefanya kazi kila siku, hiyo si safari ya miaka mingi.

Basi ibadilishwe lini?

Kitabu cha gari lako kikitaja tarehe, kifuate. Kisipotaja, hivi ndivyo mafundi wengi wanavyopendekeza:

– Otomatiki ya kawaida: kati ya kilomita 60,000 na 100,000, yaani maili 37,000 hadi 62,000.

– CVT, ile inayotumia mkanda wa chuma na magurudumu mawili yanayobadilika upana, na ambayo imo katika magari mengi ya Nissan, Honda, Subaru na Toyota: kilomita 40,000 hadi 60,000 kwa gari linalofanya kazi ngumu.

– Giaboksi ya klachi mbili zinazolowa oili: Volkswagen iliweka kilomita 60,000 kwa ile ya gia sita iitwayo DSG. Hapa hakuna mjadala, kwani imeandikwa kwenye ratiba.

– Gia za mkono: kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Kazi hii ni rahisi na oili yake ni kidogo, lakini ndiyo inayosahauliwa zaidi.

– Haibridi kama Toyota Prius, ambayo madereva wengi wa minicab wa London wameitumia: giaboksi yake haina mkanda wala klachi za kawaida, lakini ina gia na mota za umeme zinazolowa oili, na oili hiyo nayo huchakaa.

Hata gari la umeme mtupu lina gia za kupunguza mzunguko wa mota, nazo zina oili. Anayedhani kwamba kuhamia umeme ni kuagana na oili zote amewahi kufurahi.

Hali ngumu ni ipi?

Vitabu vya magari hutofautisha hali ya kawaida na hali ngumu. Wengi husoma "hali ngumu" wakafikiria jangwa au lori la mizigo. Soma vizuri orodha yenyewe: safari fupi fupi, foleni za kusimama na kwenda, milima, joto kali, vumbi, kuvuta tela, kubeba abiria kwa biashara.

Dereva wa Harrow anayepanda na kushuka kilima, akasota kwenye foleni ya Station Road, kisha akaingia barabara ya A40 kuelekea katikati ya jiji, yumo katika orodha hiyo. Dereva wa Dar es Salaam katika foleni ya barabara ya Morogoro saa nane mchana yumo zaidi, maana ana foleni na joto pamoja. Nairobi, Kampala na Mombasa ni vivyo hivyo. Ukweli ni kwamba "hali ya kawaida" ya vitabuni, ile ya barabara kuu tambarare na hewa ya baridi, wengi wetu hatuishi humo.

Kwamba joto na foleni si maneno ya mafundi tu, kumbuka yaliyotokea Novemba 2013. Volkswagen ilitangaza kuyarudisha gereji magari takriban milioni 1.6 duniani yenye giaboksi ya DSG ya gia saba ili yabadilishiwe oili. Kampuni ilieleza kwamba oili ya sintetiki iliyokuwemo ingeweza kuleta hitilafu ya umeme katika giaboksi, hasa katika nchi za joto na unyevunyevu zenye foleni nyingi. Ikawekwa ya madini badala yake. Oili iliyofaulu Ulaya ilishindwa kwingine.

Dalili za kuangalia

Giaboksi haifi ghafla mara nyingi. Hutoa taarifa mapema, ila taarifa zake ni za taratibu na dereva huzizoea.

Ya kwanza ni kuchelewa. Unaweka D au R asubuhi, gari linafikiria sekunde mbili tatu ndipo linashika. Ya pili ni kuteleza: injini inapiga kelele na mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Ya tatu ni mtetemo mdogo katika mwendo wa wastani, kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo kwenye lami iliyonyooka. Ya nne ni kishindo wakati gia inabadilika.

Kama gari lako lina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kitumie. Egesha mahali tambarare, giaboksi ikiwa imepata moto. Katika magari mengi kipimo hufanywa injini ikiwa inaunguruma na mkono wa gia ukiwa kwenye P. Katika Honda nyingi injini huzimwa kwanza. Kitabu cha gari kitakueleza.

Pangusa kijiti kwa karatasi nyeupe. Oili nyingi mpya za otomatiki ni nyekundu, ingawa za CVT huweza kuwa za kijani au bluu. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi za ndani zinaungua. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na wekundu, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta iliyotoboka ndani, ama gari limepita kwenye mafuriko. Hiyo ya mwisho haisubiri wiki ijayo.

Tahadhari: rangi peke yake si hakimu. Baadhi ya oili hugeuka nyeusi mapema zikiwa bado nzima. Angalia rangi, nusa, na uhesabu kilomita kwa pamoja.

Magari mengi mapya hayana kijiti hicho kabisa. Kipimo hufanywa kwa kufungua bolti chini ya gari, oili ikiwa katika joto maalumu lililowekwa na kiwanda. Hiyo si kazi ya kando ya barabara, na fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo anabahatisha.

'Ukibadilisha itakufa'

Kuna usemi uliozoeleka gerejini, London na hata nyumbani: giaboksi ambayo haijawahi kubadilishwa oili isiguswe, maana ukibadilisha tu itakufa.

Usemi huu una chembe ya ukweli, na ni vizuri kuujua ulikotoka. Klachi zilizokwisha huweza kushika kwa msaada wa ule unga wake uliomo katika oili chafu. Ukiweka oili safi yenye utelezi mzuri, zinashindwa. Mwenye gari anasema oili mpya imeua giaboksi. Kwa kweli giaboksi ilikuwa imekwisha, na uchafu ulikuwa unaificha.

Sababu ya pili ni namna ya kubadilisha. Kuna mashine inayosukuma oili mpya kwa nguvu na kuitoa yote ya zamani mara moja. Katika giaboksi iliyotunzwa haina neno. Katika iliyotelekezwa inaweza kung'oa uchafu uliolala na kuupeleka kwenye vali.

Njia ya tahadhari ni kumwaga na kujaza. Ukifungua bolti ya sampu hutoka theluthi hadi nusu ya oili yote, kwani nyingine imebaki katika konveta na vijia. Badilisha filta ikiwa inafikika, safisha sampu na sumaku zake, jaza kiasi kile kile kilichotoka, endesha gari kwa muda, kisha rudia mara moja au mbili. Giaboksi inazoea pole pole.

Sampu ikiwa wazi, mwombe fundi akuonyeshe sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya, na hapo oili mpya haitakuponya. Vivyo hivyo kwa gari ambalo tayari linateleza: tafuta uchunguzi kamili kwanza, usinunue oili ukiitarajia iwe dawa.

Oili si oili tu

Kosa baya kuliko kuchelewa ni kuweka oili isiyo yake.

Huko nyuma chaguo lilikuwa dogo. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, iliingia sokoni katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa miaka mingi oili za aina hiyo zilichanganywa na mafuta ya nyangumi ili zishike vizuri, hadi Marekani ilipomweka nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970 na viwanda vikalazimika kubuni kemikali mbadala.

Leo kila kampuni ina yake. Toyota ina T-IV kwa magari ya zamani na WS kwa ya baadaye, na hizo mbili si kitu kimoja. Honda ina DW-1. Nissan ina NS-2 na NS-3 kwa CVT. General Motors ina jamii ya Dexron.

Mafundi wengi wa Tanzania huziita zote "haidroliki", na hapo ndipo msiba huanzia. Haidroliki nyekundu ya kawaida ikiwekwa katika CVT, mkanda wa chuma huteleza juu ya magurudumu yake na kuyakwaruza. Gari linaweza kutembea kwa muda likionekana zima. Uharibifu unaendelea ndani.

Kwa hiyo usimwambie fundi "niwekee haidroliki". Mwambie jina la oili lililoandikwa kwenye kitabu au kwenye kijiti. Kisha muulize kwa heshima, lakini bila aibu: "Fundi, naomba nione kopo lenyewe. Utaweka lita ngapi? Filta inabadilishwa? Utapimaje kimo chake?" Fundi mzuri hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Gari linapokwenda nyumbani

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto kama Uingereza, kwa hiyo gari la Harrow linaweza kumaliza maisha yake Kisumu, Jinja au Tanga. Wengi hununua hapa na kumpelekea ndugu.

Ukifanya hivyo kumbuka mambo mawili.

Kwanza, saa ya gari la Uingereza huhesabu maili. Gari linalosoma 60,000 limetembea kilomita 96,000 na zaidi. Ndugu yako akilipokea Mombasa akadhani ni kilomita, ataona lina miaka ya kusubiri kabla ya kubadilisha oili ya giaboksi. Kumbe muda umeshafika au umeshapita. Mwandikie wazi kwenye karatasi na uiweke ndani ya kitabu cha gari.

Pili, umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wanunuzi wengi, kwa sababu ya bei, huchukua yaliyo karibu na mpaka huo. Sasa linganisha na ushauri wa ZF: miaka minane. Gari linashuka bandarini likiwa halali kwa sheria, na oili yake ya kwanza ikiwa imefika mwisho, kisha linapokelewa na joto la pwani na foleni.

Ukaguzi kabla ya kusafirisha hauondoi haja hiyo. Badilisha oili kabla gari halijapanda meli, au liwe jambo la kwanza kufanywa likishateremka. Kama unanunua kwa ajili ya mtu mwingine, risiti ya kazi hiyo ni zawadi kubwa kuliko redio mpya.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi wa gari la otomatiki afike likiwa baridi, halijawashwa siku hiyo. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto huenda ana sababu.

Washa, kanyaga breki, weka R halafu D, na uhesabu. Gari zima hushika ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Kisha lipeleke mlimani. Harrow ina bahati ya kuwa na kilima, kitumie. Panda ukiongeza mwendo taratibu na usikilize kama injini inapiga kelele bila gari kwenda. Rudia likishapata moto, maana matatizo mengine hutokea oili ikiwa nyepesi kwa joto tu. Mwisho, omba kumbukumbu za matengenezo na utafute neno giaboksi ndani yake. Lisipokuwepo, chukulia kwamba oili haijabadilishwa na upunguze bei kwa kiasi hicho.

Ukishakuwa na gari, tabia chache hurefusha umri wa oili. Simama kabisa kabla ya kutoka R kwenda D. Kwenye mwinuko lizuie gari kwa breki, si kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Ukiegesha mlimani, vuta breki ya mkono kwanza ndipo uweke P.

Na likiharibika njiani, otomatiki isivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yanazunguka chini. Injini ikizimwa, pampu ya oili haifanyi kazi, na giaboksi inazunguka bila kulainishwa. Ita bredauni inayobeba gari juu. Gharama yake ni ndogo kuliko giaboksi.

Hesabu ya mwisho

Kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki katika gereji ya London hugharimu pauni mia kadhaa. Kuikarabati giaboksi iliyokufa huhesabiwa kwa maelfu, na kwa gari la umri wa miaka 15 au 20 bei hiyo mara nyingi huzidi thamani ya gari lenyewe. Ndipo gari lenye injini nzima huuzwa kama chuma chakavu, na mwenye nalo anarudi kwenye basi la usiku au anakosa kazi kwa wiki kadhaa.

Oili iliyotolewa isimwagwe kwenye mtaro. Hapa Uingereza ni kosa kisheria, na popote pengine ni sumu kwa maji. Iwekwe kwenye dumu na kupelekwa kwenye kituo cha taka kinachopokea oili chafu, au iachiwe gereji.

Kwa asiyejua historia ya gari lake, ushauri ni mfupi: jua aina ya giaboksi uliyo nayo, jua jina la oili yake, badilisha kwa kumwaga na kujaza, kisha andika tarehe na maili kwenye karatasi. Mmiliki anayekuja baada yako, awe jirani wa Harrow au ndugu wa Tanga, ataanza kuhesabu kutoka hapo.